Jinsi ya kuunda jopo la majaji wa tuzo ya wanawake katika teknolojia: mwongozo kamili kwa waandaaji wa Kisumu, Nakuru na Magharibi

Tuzo nyingi za wanawake katika teknolojia hukwama mahali pamoja. Ukumbi unalipiwa, wadhamini wanapatikana, fomu zinajaa, halafu majaji wanatafutwa wiki ya mwisho kwa kupigiana simu. Wanaofika ni meneja wa benki iliyodhamini, afisa wa kaunti, mtangazaji wa redio na mhadhiri mmoja. Mshiriki aliyeunda kifaa cha kufuatilia joto la friji za chanjo anaulizwa ana wafuasi wangapi mtandaoni. Hakuna mezani anayejua kumwuliza kifaa hicho hufanya nini stima ikipotea.

Matokeo yakitangazwa, manung'uniko huwa hayamhusu mshindi. Watu huuliza: majaji hawa ni akina nani, na walijua nini?

Hatua zifuatazo zinakuongoza kuchagua majaji kwa taaluma zao, kuzihakiki, na kuzitumia ipasavyo wakati wa kutoa alama. Kila taaluma mezani itokane na kigezo kinachopimwa. Ukianza na majina ya watu kisha uwatafutie kazi, utarudi palepale.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Wiki 10 kabla ya sherehe. Ukiwa na chini ya wiki 6, punguza vitengo vya tuzo. Usijaribu kuwakimbiza majaji.
- Orodha ya vitengo, visizidi 4 ikiwa ni mwaka wa kwanza.
- Mratibu mmoja asiyetoa alama. Yeye hugawa maombi, hukusanya alama na huweka siri.
- Lahajedwali moja yenye kurasa nne: vigezo, majaji, mgao wa maombi, alama.
- Fomu ya kutangaza maslahi, ukurasa mmoja.
- Waraka wa majukumu ya jaji, ukurasa mmoja: saa zinazohitajika, tarehe, posho, masharti ya siri.
- Maombi 3 ya kubuni kwa ajili ya mazoezi.
- Fungu la majaji: nauli, chakula, bando na posho. Litenge kabla hujalipia mapambo na mahema. Jaji aliyeombwa "ajitolee tu" ndiye hughairi usiku wa kuamkia kikao, na huna la kumwambia.

## Hatua ya 1: Vunja kila kitengo kiwe vigezo vinavyopimika

"Mwanamke bora katika teknolojia" ni jina zuri la bango, lakini halipimiki. Jaji hawezi kulitolea alama bila kubahatisha.

Chukua mfano wa kitengo cha suluhisho la kidijitali kwa jamii. Alama 100 zinaweza kugawanywa hivi: ubora wa kiufundi 30, manufaa kwa mtumiaji 30, uwezo wa kujiendesha kifedha 15, usalama wa data za watu 15, na mchango wa mshiriki mwenyewe 10.

Kigezo hicho cha mwisho husahaulika sana. Mwanzilishi anaweza kuwa aliajiri vijana wawili wakamwundia programu yote. Hilo si kosa, lakini jaji anapaswa kujua kama anatuza uongozi au uhandisi. Fomu iulize waziwazi: ni sehemu gani uliifanya kwa mikono yako, na nani anaweza kuthibitisha?

Onyo: usiweke "ubunifu" peke yake kama kigezo. Kila jaji atatoa 7 kwa 10 kwa kila mtu, na alama hizo hazitatenganisha yeyote.

Utajua umefaulu ikiwa mtu wa nje anaweza kusoma kigezo na kukuambia ni ushahidi gani mshiriki anapaswa kuleta.

## Hatua ya 2: Chora jedwali la taaluma

Vigezo vishuke upande wa kushoto, majaji wakae juu. Weka tiki pale tu ambapo jaji amefanya kazi hiyo kwa miaka isiyopungua mitano, au anaweza kumhoji mshiriki kwa dakika kumi bila kuishiwa na maswali.

Kila mstari uwe na tiki mbili au zaidi. Tiki moja haitoshi kwa sababu mbili. Jaji huyo akiwa na mgongano wa maslahi, kigezo kinabaki yatima. Na hata akiwepo, neno lake linageuka sheria, maana hakuna mwingine wa kumpinga.

Zifuatazo ni taaluma za kujazia jedwali hilo, pamoja na kile ambacho kila moja huona na kile ambacho humpita.

### Mhandisi anayeandika programu hadi leo

Huyu ndiye hukosekana zaidi, na ndiye muhimu kuliko wote. Ataomba data ya simu izimwe uone kama programu bado inafunguka. Atauliza kinachotokea wateja wawili wakilipia kiti kimoja sekunde ileile. Ataomba kuona historia ya msimbo, yaani rekodi ya jinsi programu ilivyoandikwa hatua kwa hatua, maana kazi ya miezi minane huacha alama tofauti na kazi ya wikendi moja.

Meneja aliyeacha kuandika msimbo miaka kumi na miwili iliyopita si mbadala wake, hata kadi yake ikiandikwa cheo kirefu namna gani.

Udhaifu wake ni kupenda ugumu. Akiona huduma ya USSD, ile ya kubonyeza nyota na reli kwenye kabambe (simu ya kawaida isiyo janja), anaweza kuiona ya kizamani. Mkumbushe kwamba M-Pesa yenyewe ilianza mwaka wa 2007 kwenye menyu ya laini ya simu, bila simu janja. Mama muuza omena aliye na kabambe hajali programu yako imeandikwa kwa lugha gani.

### Mtaalamu wa data na akili unde

Mhitaji ikiwa kuna maombi yanayodai "kutabiri" au "kutambua" kitu. Bila yeye, asilimia huwalaghai watu.

Mfano: mshiriki anasema programu yake hutambua ugonjwa wa mahindi kwa usahihi wa asilimia 95. Ikiwa kati ya majani 100 aliyojaribia, 95 yalikuwa mazima, basi hata programu inayojibu "zima" kila mara bila kuangalia chochote itapata asilimia 95 hiyohiyo. Mtaalamu wa data atauliza swali moja tu: kati ya majani matano yaliyougua, iliyakamata mangapi? Jaji wa taaluma nyingine angepiga makofi.

### Mtu wa usalama wa mifumo au wa sheria za data

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019. Mshiriki anayekusanya rekodi za kina mama wajawazito anafaa kueleza alipataje idhini yao, rekodi ziko kwenye seva ya nani, na nani anaweza kuzifungua. Anaweza kuwa wakili wa teknolojia au mhandisi wa usalama. Ukimpata mmoja wa kila upande, afadhali zaidi.

### Mtu wa nyanjani

Hapa ndipo jopo la Kisumu linaweza kulipita jopo la Nairobi, na hapa ndipo waandaaji wengi hupuuza utajiri walio nao mlangoni.

Mtu wa nyanjani si mwanateknolojia. Ni yule anayeishi na tatizo ambalo teknolojia inadai kulitatua. Kwa maombi ya samaki, tafuta kiongozi wa kikundi cha usimamizi wa ufuo, kama vile kwenye ufuo wa Dunga, anayejua kwamba bei ya samaki hupangwa alfajiri mashua ikitia nanga, na kwamba programu ya soko inayotuma bei saa nne asubuhi imechelewa. Kwa maombi ya afya, tafuta muuguzi au mhamasishaji wa afya ya jamii anayejaza rekodi kwenye simu nyumba kwa nyumba. Kwa mpunga, mkulima au afisa wa kilimo kutoka skimu ya Ahero. Kwa tuzo ya Nakuru, usisahau kawi: mitambo ya mvuke ya Olkaria iko katika kaunti hiyo, na fundi au mhandisi wa mitambo anaweza kupima kazi ya mwanamke anayefanya teknolojia isiyo ya simu kabisa.

Uzito wa jaji wa aina hii unaonekana ukifikiria programu ya simu ya i-Cut. Wasichana watano wa Kisumu Girls waliifikisha kwenye fainali za Technovation, mashindano ya wasichana wanaounda programu, nchini Marekani mwaka wa 2017, na mwaka wa 2019 timu yao, The Restorers, ikawa miongoni mwa waliofika hatua ya mwisho ya Tuzo ya Sakharov, tuzo ya haki za binadamu ya Bunge la Ulaya. Programu ile ilikusudiwa kumsaidia msichana aliye katika hatari ya kukeketwa kuomba msaada. Jaji wa msimbo peke yake angeona vitufe vichache. Aliyefanya kazi katika kituo cha kuwaokoa wasichana angeuliza maswali yenye uzito wa maisha: kitufe kikibonyezwa, nani hupokea? Mzazi akishika simu hiyo, ataona nini kwenye kioo?

Onyo: usimweke mtu wa nyanjani kama pambo. Asipopewa maelezo ya maombi kwa lugha anayoisoma kwa raha, atakubali kila kitu kwa adabu. Omba muhtasari wa Kiswahili wa maneno 200 kutoka kwa kila mshiriki.

### Mfanyabiashara wa teknolojia au mwekezaji

Huyu huuliza kila ujumbe mfupi unagharimu nani, na fedha za wafadhili zikiisha itakuwaje. Ni maswali mazuri. Hatari yake ni kupenda tu kile kinachoweza kuenea hadi Lagos, hivyo mfumo unaohudumia vizuri zahanati 14 za Vihiga unamwonekania mdogo. Mpe kigezo cha fedha, na usikiongeze uzito kwa ajili yake.

### Mhadhiri au mtafiti

Hodari wa kusoma ushahidi na kugundua dai lisilo na msingi. Maseno, Masinde Muliro, Jaramogi Oginga Odinga, Kibabii, Egerton na Kabarak ziko karibu. Shida ni kwamba huenda amewafundisha nusu ya washiriki. Jaji kutoka Egerton, Njoro, awapime wa Kisumu, na wa Maseno awapime wa Nakuru.

### Waliobaki

Mtaalamu wa rasilimali watu anafaa kitengo cha uongozi, kwa sababu anajua kupima dai la "niliongoza timu ya watu 20". Mwalimu wa kompyuta wa shule ya upili anafaa kitengo cha wanafunzi. Mwanahabari anafaa pale tu ambapo mawasiliano yenyewe yanapimwa.

Mdhamini asitoe alama. Mpe nafasi ya kukabidhi tuzo na nembo kubwa ukutani. Akisisitiza kukaa mezani, mwambie mapema kwamba atasikiliza bila kupiga kura, na uandike hilo kwenye mkataba wa udhamini. Ukingoja siku ya kikao, umechelewa.

### Wanawake na wanaume mezani

Kifungu cha 27(8) cha Katiba ya 2010 kinasema zaidi ya thuluthi mbili ya wanachama wa bodi za kuchaguliwa au kuteuliwa wasiwe wa jinsia moja. Kiliandikiwa vyombo vya umma, lakini ni kipimo kizuri cha kuanzia: katika jopo la watu 9, jinsia moja isizidi 6. Kwa tuzo ya wanawake tunapendelea wanawake wawe 6, na mwenyekiti awe mmoja wao. Wasiwe wote wa fani laini na wanaume wote wa fani ngumu. Jopo ambalo wanaume watatu ndio wahandisi na wanawake sita ni wa mawasiliano linasema kinyume cha tuzo yenyewe.

## Hatua ya 3: Hesabu idadi ya majaji kwa saa, usikisie

Kila ombi lisomwe na majaji watatu. Ombi moja, pamoja na kuifungua programu na kuijaribu, huchukua kama dakika 20.

Tuseme una maombi 60. Mara tatu ni usomaji 180. Majaji 9 watasoma maombi 20 kila mmoja, yaani dakika 400, au saa 6 na dakika 40. Hilo linawezekana kwa wiki mbili. Majaji wakiwa 5, kila mmoja anasoma 36, yaani saa 12. Kuanzia ombi la ishirini na tano wataanza kurukaruka, na walio chini ya orodha wataumia bila kosa.

Chukua majaji 9 na wa akiba 2. Wa akiba nao wapitie mafunzo yote, la sivyo hawana faida.

## Hatua ya 4: Watafute mahali kazi inapofanyika

Anza na jedwali lako, si kitabu chako cha simu. Kwa kila tiki inayokosekana, andika maelezo ya mtu unayemtafuta: "mhandisi wa programu, mifumo ya malipo, miaka 7 na zaidi, anaishi umbali wa saa tatu kutoka Kisumu".

Vituo vya ubunifu kama LakeHub, idara za kompyuta za vyuo vikuu, hospitali za rufaa, viwanda vya sukari na chai, na vyama vya ushirika vya akiba na mikopo vina mafundi wa mifumo wasiojulikana nje. Msimamizi wa mifumo wa chama cha ushirika hushughulika na miamala kila siku na hajawahi kualikwa kwenye jopo lolote. Huyo ni hazina.

Usichukue zaidi ya majaji wawili kutoka taasisi moja.

Kuhusu umbali: Kakamega hadi Kisumu ni kama kilomita 50, Nakuru hadi Kisumu takribani 180. Jaji wa Nakuru asome akiwa kwake, asafiri mara moja tu kwa kikao cha mwisho, na alale. Ukimtaka arudi usiku huohuo, atakuwa akiangalia saa wakati mshiriki wa mwisho anazungumza.

## Hatua ya 5: Hakiki wasifu wa kila jaji

Wasifu wa mtandaoni huandikwa na mwenyewe. Uhakiki ufaao huchukua dakika 40 kwa mtu.

1. Omba mistari mitatu pamoja na wasifu: kazi ya mwisho aliyoifanya kwa mikono yake, mwaka gani, na nani aliiona. Anayeshindwa kuandika mistari hii mitatu si wa mstari wa ufundi.
2. Piga simu mbili. Moja kwa aliyemtaja, nyingine kwa mtu wa taasisi hiyo ambaye hakumtaja.
3. Angalia vyeo vya mbele ya jina. Chini ya Sheria ya Wahandisi ya 2011, "Eng." ni ya waliosajiliwa na Bodi ya Wahandisi wa Kenya, ambayo ina rejista. Waunda programu wengi hodari hawamo, na hilo si tatizo. Tatizo ni kuibandika "Eng." bila usajili. Kwa "Dkt.", uliza ni ya tasnifu, ya utabibu au ya heshima. Ya heshima si aibu, ila haihesabiki kama tajriba ya utafiti.
4. Tazama umiliki wa kampuni. Hati ya CR12, inayopatikana kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, huonyesha wakurugenzi na wenye hisa wa kampuni. Iombe kwa kampuni za washiriki waliofika fainali, kisha linganisha na majina ya majaji. Mara nyingi jaji mwenyewe amesahau hisa zake chache.
5. Tafuta mienendo. Jaji aliyewahi kulalamikiwa kwa kuwanyanyasa wanawake kazini hafai, hata awe fundi wa namna gani. Uliza swali hili kwenye zile simu mbili, kwa sauti, bila kuzunguka.

Utajua umefaulu ukiweza kuandika sentensi moja kuhusu kila jaji ambayo mshindani aliyeshindwa hawezi kuipinga.

## Hatua ya 6: Mwaliko na fomu ya maslahi

Barua ya mwaliko iseme saa ngapi zinahitajika, vigezo gani atapima, posho kiasi gani, na kwamba taaluma yake itachapishwa. Posho iwe sawa kwa wote. Kumlipa profesa zaidi ya muuguzi kutajulikana, na meza itapinda kabla hata kikao hakijaanza.

Fomu ya maslahi itaje mahusiano kwa majina yake: kuajiriwa pamoja ndani ya miaka 3, hisa, undugu, usimamizi wa tasnifu, ulezi wa kikazi, barua ya mapendekezo, deni. Usiulize "je, una mgongano wowote?" Kila mtu hujibu hapana.

Watu wa teknolojia wa Kisumu wanajuana. Ukimkataa kila anayemfahamu mshiriki, utabaki bila jopo. Tumia kanuni hii: anatangaza, anajiondoa kwenye ombi hilo, na anatoka chumbani likijadiliwa. Ikiwa mahusiano yake yanagusa zaidi ya ombi moja kati ya matano ya kitengo, mhamishie kitengo kingine.

Jaji asipewe namba za simu wala anwani za washiriki. Mshiriki aliye chini ya miaka 18 anahitaji idhini ya mzazi au mlezi kabla ya data zake kutumiwa.

## Hatua ya 7: Mazoezi ya kusawazisha alama

Majaji wote wasome yale maombi 3 ya kubuni: moja zuri, moja la wastani, moja lenye maneno matamu na ushahidi haba. Watoe alama peke yao, kisha mkutane kwa dakika 90.

Anzia pale palipotofautiana kwa zaidi ya alama 15. Kwa kawaida mhandisi atakuwa amelishusha lile la maneno matamu, na mwekezaji amelipandisha. Waache waelezane. Kusudi si wakubaliane kuhusu kila ombi, ni wakubaliane 80 ina maana gani.

Kama mnakutana mtandaoni, weka namba ya kupiga simu ya kawaida kando. Stima au mtandao ukipotea Bondo, jaji huyo asipotee nao.

## Hatua ya 8: Gawa maombi na ujumlishe alama

Gawa kwa kura, huku ukihakikisha kila ombi linapata angalau msomaji mmoja wa kiufundi na mmoja wa nyanjani. Kila jaji atoe alama kwa vigezo alivyowekewa tiki tu. Mwekezaji asiguse mstari wa usalama wa data.

Usichukue wastani mtupu. Jaji mkali na jaji mpole hawazungumzi lugha moja ya namba.

Tazama: jaji mkali ana wastani wa 54, na alama zake hutawanyika kwa 8, yaani kwa kawaida hupishana na wastani huo kwa kama alama 8. Amempa mshiriki wa kwanza 66. Jaji mpole ana wastani wa 81 na mtawanyiko wa 6. Amempa mshiriki wa pili 84. Kwa macho, 84 inaishinda 66. Sasa toa wastani wa jaji, gawa kwa mtawanyiko wake: (66 − 54) ÷ 8 = 1.5, na (84 − 81) ÷ 6 = 0.5. Mshiriki wa kwanza alimvutia jaji wake zaidi sana.

Kwenye lahajedwali, AVERAGE hutoa wastani na STDEV mtawanyiko. Jaji akiwa amesoma chini ya maombi 10, namba hizi hazitulii. Tumia nafasi, yaani wa kwanza, wa pili, wa tatu.

Kosa la kawaida: mratibu kuacha seli tupu zihesabiwe kama sifuri pale jaji alipojiondoa. Mshiriki anaweza kuporomoka nafasi kumi kwa kosa hilo. Andika "hajapima", usiandike 0.

## Hatua ya 9: Kikao cha mwisho

Ita watatu au wanne kwa kila kitengo. Kila mmoja apate dakika 8 za kuonyesha na 12 za maswali. Muda wa maswali uwe mrefu zaidi kwa makusudi, kwa kuwa taaluma ya jaji huonekana kwenye swali lake.

Mwenyekiti aanze na jaji mwenye cheo cha chini. Profesa au afisa mkuu akisema kwanza, wengine watazunguka maneno yake. Alama ziandikwe kabla ya mjadala, na yeyote anayebadilisha aandike sababu kwa mstari mmoja.

## Hatua ya 10: Chapisha taaluma za majaji

Fanya hivi wiki mbili kabla ya sherehe. Ukingoja baada ya matokeo, inaonekana kama utetezi.

Huu ndio wasifu usiofaa: "Kiongozi mashuhuri mwenye shauku kubwa ya kuwainua wanawake, aliyebobea katika mageuzi ya kidijitali." Ungeweza kumwandikia yeyote.

Na huu ndio ufaao: "Mhandisi wa programu kwa miaka 11, minane kati yake kwenye mifumo ya malipo. Kwa sasa anasimamia seva za vituo vya afya katika kaunti tatu. Atapima ubora wa kiufundi na usalama wa data. Hatapima maombi mawili aliyowahi kuyashauri."

Sentensi ya mwisho huwatisha waandaaji. Iache. Ndiyo inayozima minong'ono.

Usifichue ni jaji gani alisoma ombi lipi wala alama za mmoja mmoja. Kila aliyekosa apewe alama zake kwa kigezo na mistari miwili ya maoni, ndani ya siku 14. Fomu za maombi zifutwe kwenye simu na kompyuta za majaji wiki hiyohiyo ya sherehe, na mratibu abaki na nakala moja hadi tarehe mliyoitaja kwenye fomu ya idhini.